Mtu wa Kumwaga Maji

"Nkambo, juu ya nini ulimuita mama yake ndani?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la tatu, nimekaa kwenye mkeka wa jirani yetu Mama Mounira, nikimwokotea pini zilizoanguka chini ya mashini ya kushonea. Mounira ni jina lake mwenyewe, si la mtoto. Si nkambo wangu wa damu, lakini huku mtaani kwetu Katuba mwanamke wa umri wa bibi yako ni nkambo wako, hata kama mnasali mahali tofauti. Nilikuwa nimesikia watu wazima wakibishana juu yake kwenye bomba la maji, huyu anasema ni jasiri, yule anasema hana huruma hata kidogo, nikaona rahisi zaidi ni kumuuliza mwenyewe. Hakukasirika. Alinipa sindano na uzi.

"Macho yako iko mazuri. Nitungie."

Nikatunga. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshaanza kukanyaga mashini, na mashini ile ikianza, husikii hata ukiitwa kutoka mlangoni.

Katuba wanamjua kwa kazi mbili. Ya kwanza ni kushona. Vitenge vya harusi, sare za shule, kanzu za Idi. Ya pili ni kuosha wanawake waliokufa. Ukoo wake ulitoka Maniema zamani, ukaja na dini yake na mikono yake ya ufundi, na kazi ya kuosha aliirithi kwa mama yake, ambaye naye aliirithi kwa mtu. Mwanamke akifa katika familia za msikiti wao, mtu alikuwa anatumwa kwa Mama Mounira kabla hata ya kutafuta viti vya kilio. Alikuwa anaacha nguo palepale kwenye mashini, mguu mmoja wa suruali umeshonwa na mwingine bado, ananawa, anakwenda.

Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Hili nililishangaa sana aliponieleza, nilidhani ni kama kuoga tu. Mmoja anageuza na kusugua, mwingine anamwaga maji, maana mwili wa mtu aliyekufa ni mzito kwa namna ya peke yake, haukusaidii. Mama Mounira alikuwa anasugua, na msichana aliyemfundisha, Faida, alikuwa anamwaga. Nywele zinafumuliwa, zinaoshwa, zinasukwa upya. Maji ya mwisho yanatiwa karafuu maiti. Halafu sanda.

Na kuna sharti moja kubwa kuliko yote: kile ambacho muoshaji amekiona, amekiona. Hakitoki. Kama ni kovu, kama ni jina la mwanaume asiye mume limechorwa mahali, kama ni ugonjwa ambao marehemu aliwaficha watoto wake, kinabaki nyuma ya pazia. Dini inasema umsitiri. Wanawake wa soko walikuwa wanamtania kwa ajili hiyo.

"Mama Mounira, siku yangu ikifika usicheke hili tumbo!"

"Nitacheka. Lakini kimya kimya, hutasikia."

"Ah, we mama!"

Basi mambo yalikuwa hivyo mpaka siku ya Bahati.

Bahati alikuwa binti wa Papa Yuma, seremala wa vitanda, na alikuwa anasuka nywele kwenye kibanda chenye paa la bati karibu na shule. Alimsuka Mama Mounira mara nyingi, kila Alhamisi iliyokuwa na nafasi, wakigombana kuhusu mvi. Bahati anataka kuzificha, mwenyewe anataka zionekane. Mwaka ule mwalimu mmoja wa mtaa alichukuliwa na watu wa usalama kwa sababu ya maneno aliyosema darasani, na vijana aliowafundisha wakaandamana. Bahati alibeba kipande cha katoni. Kiliandikwa: MWALIMU WETU IKO WAPI? Hakuna zaidi. Walichukuliwa wengi siku hiyo, wengine wakarudi jioni wakichechemea, Bahati hakurudi. Papa Yuma alikwenda kwenye kila kasho, kila mahabusu ya mji, na chakula mkononi, na kila mahali walimwambia aende kwingine.

Aliyemrudisha ni Chef Précieux. Watu hawaitaji kazi yake kwa jina, husema tu kwamba ni muntu wa kule, na unaelewa. Alikuwa mtoto wa mtaa huuhuu. Alimleta Bahati asubuhi, nyuma ya gari, amefungwa kwenye turubai la bluu, moja kwa moja mpaka uwanja wa msikiti, si nyumbani. Akasema msichana ameugua malaria. Akasema azikwe kabla ya sala ya alasiri. Baba na mama walioneshwa uso tu na dereva wake, yeye mwenyewe akiongea na telefoni kando, turubai likafungwa tena. Kisha akatuma aitwe muoshaji.

Mama Mounira alipofika, Faida alikuwa nyuma yake na ndoo. Chef Précieux alimrudisha Faida kwa kidole.

"Weye moja, mama. Yule abaki kule."

"Chef, tunafanyaka wawili."

"Leo ni moja." Alikuwa anaongea taratibu, hata kwa heshima, na hilo ndilo lililowatisha watu. "Sikia, mama yangu. Utamuosha. Ukimaliza, utatoka hapa ku mulango, utasema mbele ya bantu na mbele ya telefoni yangu: nimemuosha, sikuona kintu. Bon. Maneno kidogo tu, halafu kila muntu anarudia kwake."

"Siye hatusemaka vile. Muoshaji hasemaka kitu."

"Ndiyo, ninajua. Mumezoea kunyamaza. Leo utasema." Akaangalia viatu vyake, vilivyokuwa na vumbi jekundu, akakipangusa kimoja nyuma ya suruali. "Fils iko muzima? Nilimuona jana, pale anapouzaka kadi za telefoni. Kijana muzuri. Anachekaka sana."

Fils ni mtoto wa pekee wa Mama Mounira.

Shehe Shafi, aliyekuwa anausimamia msikiti, alimvuta kando karibu na pazia. Ni mtu mpole, mpaka leo ni mpole, anaponiona ananiuliza habari za mitihani. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba dini yenyewe inaamuru kusitiri, kwa hiyo asitiri tu, yaishe, mtoto azikwe.

"Kusitiri ni kunyamaza, Shehe. Huyu anataka niseme."

"Ni maneno mawili, mama."

"Basi sema weye."

"Mimi sikuingia ndani."

"Na miye bado sijaingia."

Uwanjani kilio kilikuwa kimeanza kujaa, wanawake wamekaa chini, mama yake Bahati katikati yao, ameshikwa mabega pande zote mbili kama kitu kinachoweza kuanguka. Hakuwa analia. Alikuwa anaangalia pazia.

Mama Mounira akaingia.

Nyuma ya pazia kuna chumba kidogo chenye mlango wa mbao, meza ya saruji, na mbabula ya makaa ya kuchemshia maji. Alifungua turubai. Aliyoyaona hajanieleza, na sipendi mtu asomaye hapa adhani kwamba najua. Ninachojua ni kwamba alianza na nywele. Zilikuwa zimesukwa vizuri, kazi ya Bahati mwenyewe mbele ya kioo, zile nyembamba zinazochukua siku nzima, na Mama Mounira alizifumua moja moja. Nje walikuwa wanangoja. Shehe Shafi alikaribia pazia, akamsikia ananong'ona peke yake, maneno yaleyale yanakwenda na kurudi, akafikiri ni dua, akarudi nyuma kwa adabu.

Halafu alijaribu kuosha. Mkono mmoja na jagi, mwingine unageuza. Haikuwezekana. Bahati aliteleza kwenye saruji iliyoloa, Mama Mounira akamdaka kwa kifua, jagi likaanguka, na maji yakatiririka chini ya mlango mpaka uwanjani, yakafika kwenye miguu ya wanawake waliokaa mbele. Wakayaangalia. Hakuna aliyehamisha miguu yake.

Mlango ukafunguliwa. Mama Mounira alisimama, gauni lote limeloa mbele.

"Chef. Siwezi moja. Nataka muntu wa kumwaga mayi."

Chef Précieux aliangalia saa. Jua lilikuwa linapanda, na watu walikuwa wanaongezeka barabarani. Akawatazama wale wanawake, wote wazee, wote wamefunika vichwa, na nafikiri aliona hakuna tofauti kati yao.

"Chukua moja. Haraka."

Mama Mounira alinyoosha mkono. Hakumnyooshea Faida, ambaye alikuwa ameshasimama na ndoo yake. Alimnyooshea mama yake Bahati.

Unatakiwa kuelewa jambo hili ndipo uelewe kwa nini watu bado wanabishana. Kwao mama mzazi haoshi. Si kwamba imeandikwa. Ni mazoea ya huruma tu, kwamba mama anakaa na kilio, analetewa uso umeshapendezeshwa, pamba ziko mahali pake, na anaaga. Hapewi jagi. Wanawake wakaanza kuguna, na mmoja akasema kwa sauti, "Mounira, una wazimu?" Shehe Shafi akaja mbio.

"Mama, mzazi? Hapa kwetu hatufanyi."

"Sheria inakataza, Shehe?"

Shehe ni mtu wa elimu, na hakuweza kudanganya kuhusu kile anachokijua.

"Haikatazi. Ndugu wa karibu ndiye ana haki zaidi."

"Basi."

Chef Précieux aliuliza, "Yule ni nani?" lakini aliuliza kwa kuchelewa. Mama yake Bahati alikuwa ameshainuka, ameshapita mbele yake, ameshachukua ndoo kutoka mkononi mwa Faida bila kumtazama, na mlango umeshafungwa. Kuuvunja mlango mbele ya umati wote ule, wakati wanawake wanaosha maiti, hata yeye hakuthubutu.

Faida ameniambia kwamba kilichowaumiza zaidi nje ni kusikiliza maji. Yalimwagwa. Yakasimama. Yakasimama muda mrefu, mpaka Papa Yuma, aliyekuwa upande wa wanaume, akatoka mahali pake akaja kusimama katikati ya uwanja peke yake. Hakukuwa na kelele ndani. Halafu maji yakaanza tena, polepole, na hayakusimama mpaka mwisho.

Walitoka wawili. Bahati alikuwa ndani ya sanda, nywele zake zimesukwa mikia mitatu. Chef Précieux aliinua telefoni.

"Sema, mama."

Mama Mounira alifungua mdomo. Watu wote waliokuwapo wanakubaliana kwamba aliufungua. Lakini mama yake Bahati alisogea mbele yake, mikono inanuka karafuu maiti, na kusema, "Uliza miye. Miye njo nilimwaga mayi."

Na akaeleza. Hakupiga kelele. Alianza kichwani, akashuka, mahali kwa mahali, na kila alipopataja alijigusa mwenyewe mahali palepale. Bega. Mbavu. Kiganja cha mkono, upande wa ndani. Telefoni ilikuwa imeshashushwa zamani, lakini telefoni za watu wengine zilikuwa zimeinuliwa. Alipofika kwenye miguu akasema, "Mutoto wangu hakukuwa na malaria," akakaa chini.

Ningependa kuandika kwamba kitu fulani kilitokea baada ya hapo. Mwalimu wetu wa historia anapenda kusema siku moja inaweza kubadilisha nchi, na mimi nilipokuwa mdogo nilikuwa nangoja kusikia sehemu hiyo ya hadithi. Bahati alizikwa. Watu walizungumza juu yake wiki ile na iliyofuata, video zikapita kwenye telefoni, kisha zikaja video nyingine za mambo mengine. Papa Yuma aliitwa kule, akarudi na mkono usioweza tena kushika randa. Mwalimu yule aliyeulizwa kwenye katoni hajaonekana mpaka leo. Familia ya Yuma ilipanda lori la Mumbere, mfanyabiashara wa Kivu anayekwenda Pweto kuchukua samaki wakavu, wakakaa juu ya magunia matupu, na hawajarudi. Mumbere ndiye anayeleta habari zao. Anasema mama yake Bahati yuko, anapika, anauza samaki, ila hamwagi maji. Hata mchele wake unaoshwa na jirani. Akishika jagi, mkono unasimama hewani.

Habari hiyo Mama Mounira aliipokea akiwa kwenye mashini, na mashini haikukanyagwa siku mbili.

Fils aliondoka kabla ya mwezi kwisha. Alivuka mpaka wa Kasumbalesa na mfuko wa mgongoni, sasa yuko Ndola, ng'ambo, anapiga telefoni Ijumaa. Mama yake anamuuliza kama anakula, naye anauliza kama mvua imenyesha. Kamati ya msikiti ilikaa. Shehe Shafi alikuja mwenyewe kuchukua ufunguo wa kabati la sanda, na alilia kuliko Mama Mounira.

"Mama, watafunga msikiti. Wamesema hivyo. Watafunga."

"Chukua, Shehe."

"Unajua si moyo wangu."

"Ninajua. Chukua."

Wakaweka na utaratibu mpya: muoshaji ni yule aliyechaguliwa na kamati, na ndugu wa marehemu asiingie. Kwa hiyo mlango ule aliomfungulia mama mmoja umefungwa kwa wengine wote. Hilo wanamlaumu nalo, na wana haki, nafikiri, sijui. Wateja walipungua, si kwa chuki. Nyumba inayotazamwa, watu hawapendi kuonekana wakiingia. Chef Précieux amepanda cheo. Anapita na gari jipya, anapunguza mwendo mbele ya parsele, ua wa Mama Mounira, anashusha kioo.

"Yambo, nkambo! Kazi iko muzuri?"

"Yambo, chef," anajibu, maana utafanya nini, huwezi kuacha kumjibu mtu aliyekusalimia.

Mambo haya yote alinieleza kidogo kidogo, mwaka huu kipande, mwaka ujao kipande, wakati namtungia uzi. Ila jibu langu hakunipa, na mimi niliacha kuuliza, nikiwa nimeshajijibu mwenyewe. Nilisema ni kwa sababu ya haki. Niliandika hivyo hata kwenye insha ya dini, ya watu wanaomtii Mungu kuliko wanadamu, na nikapewa alama nzuri.

Mwezi wa sita huu, kwenye baridi, dada mkubwa wa Mama Mounira alifariki huko mtaa wa Hewa Bora. Nilimsindikiza kwa sababu magoti yake hayapendi tena kupanda basi peke yake. Tulipofika, mwili ulikuwa umeshaingizwa chumbani nyuma ya nyumba, na aliyesimama mlangoni ni Faida, mwanamke mkubwa sasa, ndiye muoshaji wa kamati. Alipomuona Mama Mounira alianza kulia kabla ya kusalimia.

"Mama, bananikataza."

"Ninajua."

"Ningekuachia. Mungu anajua ningekuachia."

"Ninajua, mutoto. Mayi isikuwe ya moto sana. Hakuipendaka ya moto."

Akaenda kukaa chini na wanawake wengine. Yeye aliyeosha nusu ya mama za watu wa Katuba alikaa nje ya ukuta wa dada yake, akisikiliza maji. Nilikaa karibu naye. Kila yalipomwagwa, mikono yake miwili juu ya mapaja iligeuka kidogo, mmoja unashika, mwingine unageuza. Sidhani alijua kwamba inafanya hivyo.

Tulirudi baada ya maziko, jua bado liko juu. Tulikuwa tunangoja basi kwenye kona ya wauza makaa. Nami nikasema, kwa kutaka kumtuliza, kwamba Mungu ameona ujasiri wake wa siku ile na atamlipa. Aliniangalia kama mtu anayeangalia nguo iliyoshonwa kinyume.

"Uliniulizaka kitu, ulikuwa mudogo. Juu ya nini nilimuita mama yake."

"Ndiyo, nkambo."

"Shehe anasemaka alinisikia ninaomba dua kule ndani. Haikukuwa dua. Nilikuwa ninajaribu maneno yao. Nimemuosha, sikuona kintu. Nimemuosha, sikuona kintu. Ninawaza Fils, na maneno inatoka muzuri, haikwami. Nikaogopa vile ilikuwa inatoka muzuri. Nikajua nikitoka moja, nitayasema. Njo juu ya ile nilimuita, mutoto. Nilimubebesha yeye, juu miye nilikuwa nataka kuyasema."